Mizani ya Hewa na Mizani ya Ubeti: Kiswahili katika Kutafuta Hitilafu ya Kihisi cha Joto na Unyevu



1.0 Utangulizi

Ni desturi ya mihadhara ya taaluma za Kiswahili kuanza na mswada. Mhadhara huu nao unaanza na mswada, lakini unauacha kabatini ulipo na kuichunguza hewa inayouzunguka. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Mwengo bin Athumani wa Pate na kubeba mwaka 1728, huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa miongoni mwa tenzi za kale zaidi zenye mwaka unaojulikana. Tangu wakati huo hadi leo, karatasi zilizobeba tenzi, barua, hati za mirathi na vitabu vya dua zimepita katika mikono mingi ya waja wa pwani. Baadhi yake zilikusanywa na kuorodheshwa; orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Nyingine zimebaki majumbani, ndani ya masanduku na makabati ya ukoo.

Maadui wa karatasi hizo wanajulikana: mchwa, panya, moto na uzembe. Adui mmoja, hata hivyo, haonekani wala hasikiki. Huyo ni unyevu wa hewa. Kiswahili chenyewe kimelihifadhi jambo hilo katika neno moja, kwani *ukungu* ni ule moshi wa maji unaotanda asubuhi, na *ukungu* vilevile ni kuvu linaloota juu ya mkate, ngozi na karatasi. Neno limeweka chanzo na matokeo mahali pamoja. Wahifadhi wengi wa nyaraka huichukua asilimia 65 ya unyevu kuwa ukingo wa tahadhari. Unyevu ukikaa juu ya hapo kwa muda mrefu, kuvu hupata nafasi ya kuota. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kiwango hicho hupitwa mara kwa mara.

Katika miaka ya karibuni umepatikana mlinzi wa bei nafuu, yaani kihisi cha joto na unyevu kinachounganishwa na kompyuta ndogo ya kujifunzia. Mwalimu, mwanafunzi au mtunzaji wa nyaraka anaweza kukiunga mwenyewe juu ya meza. Tatizo ni kwamba mlinzi huyu hukosea, na hukosea kwa namna zaidi ya moja. Lengo la mhadhara huu ni kuonesha namna hizo, njia ya kuzitambua, na jinsi uhakiki wa matini za kale unavyofanana na utafutaji wa hitilafu ya kifaa hicho. Hoja yake kuu ni kwamba taarifa iliyofika salama si lazima iwe taarifa ya kweli, na kwamba mtu asiyekuwa na maneno ya kutofautisha mambo hayo mawili atadanganywa na kifaa chake.

2.0 Kifaa na Majina Yake

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyofinyazwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Aina iliyoenea sana miongoni mwa wanaojifunza ni Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Ubao wake uitwao Uno, uliotoka mwaka 2010, hufanya kazi kwa volti 5 na una pini 14 za kupokea na kutoa ishara za tarakimu. Kwenye pini mojawapo huungwa kihisi, na vihisi viwili vinavyotumika zaidi ni DHT11 na DHT22.

Vihisi hivyo ni ndugu, lakini hawakulingana. DHT11 kwa kawaida hutajwa kupima unyevu wa kati ya asilimia 20 na 80, kwa upungufu au uzidifu wa asilimia 5, na joto la kati ya nyuzi 0 na 50 za Selsiasi, kwa upungufu au uzidifu wa nyuzi 2. DHT22 hupima unyevu wa asilimia 0 hadi 100, na katika joto upungufu wake ni takriban nusu ya uzi. Tofauti hii si ndogo kwa mtu wa pwani. Usiku wa masika unyevu hupanda juu ya asilimia 80, na hapo DHT11 huwa imeshavuka mpaka wa mambo ambayo iliumbwa kuyasema. Anayeiuliza wakati huo anamuuliza shahidi ambaye hakuwapo.

Suala la istilahi lina uzito wake hapa. Baadhi ya mafundi na wanafunzi hukiita kifaa hiki *sensa*. Kwa sauti, neno hilo linakubalika kabisa. Kwa maana, tayari lina mwenyewe, kwa kuwa sensa ni hesabu ya watu, kama zile zilizofanyika Tanzania mwaka 2002, 2012 na 2022. Sentensi kama *sensa ya nyumba imeharibika* ingemshtua msikilizaji kwa sababu isiyohusika. Neno *kihisi* limeundwa kwa njia ambayo lugha imeizoea, yaani kiambishi cha ngeli ya vifaa pamoja na mzizi wa kitenzi, na ndilo linalotumika katika mhadhara huu.

Hali kadhalika, *joto* katika mazungumzo ya kawaida huchanganya mambo mawili ambayo fizikia huyatenga: nguvu inayotoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na kiwango kinachosomwa kwenye kipimo. Kwa jambo la pili waandishi hutumia *halijoto* au *jotoridi*. Lipo pia neno *fukuto*, ambalo halina mfano wake kwenye kioo cha kifaa chochote. Fukuto ni joto na unyevu vikiwa pamoja, kama ngozi ya mtu inavyovipokea. Kazi ya kihisi ni kulipasua neno hilo vipande viwili na kukipa kila kipande namba yake. Lakini vipande hivyo havikuachana kabisa, kama itakavyoonekana baadaye.

3.0 Namna Kihisi Kinavyosema

Mtu hawezi kujua kama msemaji amekosea kabla hajajua anavyosema. Ndani ya DHT11 mna tabaka ambalo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri linavyonyonya unyevu. Ndani ya DHT22 kinachobadilika ni uwezo wa tabaka hilo kuhifadhi chaji. Pembeni yake kipo kipande kingine kinachobadilika kwa joto. Chipu ndogo huyasoma mabadiliko hayo, huyageuza kuwa namba, kisha husubiri kuulizwa.

Mazungumzo yote hupita katika waya mmoja. Waya huo huwekwa juu, yaani karibu na volti za chanzo, kwa rezista iliyounganishwa kati yake na upande chanya. Thamani ya kawaida ya rezista hiyo ni kati ya omu 4,700 na omu 10,000. Maikrokontrola inapotaka habari huushusha waya: kwa DHT11, kwa muda usiopungua milisekunde 18, kwa DHT22, milisekunde 1 inatosha. Kisha huuachia. Kihisi hujibu kwa kuushusha waya kwa sehemu 80 za milioni za sekunde, na kuupandisha kwa muda kama huo. Hiyo ndiyo *hodi* na *karibu* ya vifaa hivi.

Baada ya hapo zinafuata biti 40. Kila biti huanza na ukimya wa sehemu 50 za milioni za sekunde, kisha waya hupanda. Ukipanda kwa sehemu 26 hadi 28, hiyo ni sifuri. Ukipanda kwa sehemu 70, hiyo ni moja. Kwa hiyo, tofauti ya sifuri na moja haimo katika umbo la ishara, bali katika urefu wake. Programu ikishughulika na jambo jingine hata kwa nukta hiyo ndogo, huhesabu vibaya.

Biti 40 ni baiti tano. Mbili za kwanza ni unyevu, mbili zinazofuata ni joto, na ya tano ni jumla ya uhakiki. Kwa mfano, DHT22 ikituma 3, 16, 1, 40 na 60, namba mbili za kwanza husomwa hivi: 3 mara 256, jumlisha 16, ni 784, yaani asilimia 78.4. Namba mbili zinazofuata ni 256 jumlisha 40, sawa na 296, yaani nyuzi 29.6. Namba ya tano ndiyo mlinzi wa mlango: 3 na 16 na 1 na 40 ni 60. Jumla ikilingana, ujumbe hupokelewa. Isipolingana, hutupwa.

Mwanafunzi wa ushairi atakuwa ameshamtambua mlinzi huyo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kwa kawaida kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina kinachopita katika utenzi mzima. Mnakili akidondosha silabi moja, kipande hubaki na mizani saba, na mhakiki hujua papo hapo kwamba pana pengo hata kabla hajaelewa maana. Mizani ya ubeti ni jumla ya uhakiki. Si ajabu kwamba neno lenyewe, *mizani*, ndilo hilohilo la kifaa cha kupimia uzito sokoni.

4.0 Hitilafu ya Kwanza: Kimya

Namna ya kwanza ya kukosea ni kutojibu. Kwenye kioo cha kompyuta huonekana herufi tatu, *nan*, ambazo ni kifupisho cha kusema kwamba kilichopokelewa si namba. Wageni wengi wa fani hii hukata tamaa hapo. Kwa kweli, kimya ndicho kosa la heri kuliko yote, kwa sababu halimdanganyi mtu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kazi ya fundi ni kuutafuta mshindo huo kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe huanza mahali ambapo fundi redio wa mtaani angeanzia: je, *moto* unafika? Moto kwa fundi ni umeme, na swali lake ni sahihi. Kihisi chenye miguu minne, kikitazamwa upande wa matundu na kuhesabiwa kutoka kushoto, kina mguu wa kwanza wa umeme chanya, wa pili wa taarifa, wa tatu usiotumika, na wa nne wa upande hasi. Vihisi vilivyokwisha kubandikwa kwenye kibao chenye miguu mitatu havifuati mpangilio mmoja. Hapana budi kusoma alama zilizochapwa kwenye kibao chenyewe. Kihisi kilichogeuzwa chanya kuwa hasi hupata moto kikiguswa kwa kidole, na mara nyingi hakiponi.

Swali la pili ni la rezista. Vibao vya miguu mitatu kwa kawaida vinayo tayari. Kihisi kitupu hakina. Bila rezista, waya hauna kitu cha kuurudisha juu, na mazungumzo hayaanzi. Swali la tatu ni la pini: namba iliyoandikwa katika programu iwe ndiyo namba ya tundu ambamo waya umechomekwa. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyopenda kukiri. Swali la nne ni la waya wenyewe. Katika ubao wa majaribio, mguu unaweza kuonekana umeingia na kumbe haushiki. Waya mrefu nao hudhoofisha ishara, hasa kihisi kinapotumia volti 3.3.

Swali la tano ni la subira. DHT11 huulizwa mara moja kwa sekunde, na DHT22 mara moja kwa sekunde mbili. Anayeuliza kwa pupa hupata kimya au hupata jibu la zamani. Aidha, kihisi kikishawashwa kinahitaji kama sekunde moja ya kutulia kabla ya swali la kwanza. Kimya kinachokuja na kuondoka, leo nan mbili na kesho ishirini, mara nyingi huashiria umeme usiotulia. Kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu na kihisi, husaidia.

Kanuni inayoyaunganisha maswali haya yote ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadili waya, rezista na programu kwa pamoja, kisha kihisi kikajibu, amepata jibu lakini hakupata maarifa. Siku kihisi kitakaponyamaza tena, ataanza upya kama mtu ambaye hajawahi kukiona.

5.0 Hitilafu ya Pili: Upuuzi

Namna ya pili ni jibu lisilowezekana. Chumba cha maktaba kinatajwa kuwa na unyevu wa asilimia 1,587.2 na joto la nyuzi 742.4. Kwa joto hilo miswada yote ingekwisha kuwa majivu. Hata hivyo, jumla ya uhakiki imelingana, waya ni mzima, na programu imepokea ujumbe bila ya kulalamika.

Maelezo yake ni mafupi. Kihisi ni DHT11, na programu imeambiwa kuwa ni DHT22. DHT11 imetuma 62, 0, 29, 0 na 91: unyevu wa asilimia 62, joto la nyuzi 29, na jumla iliyo sahihi kabisa. Programu, kwa kufuata kanuni ya DHT22, imeizidisha 62 kwa 256 na kupata 15,872, kisha ikagawa kwa kumi. Na 29 imeifanyia vivyo hivyo. Kosa likigeuzwa, yaani kihisi kikiwa DHT22 na programu ikadhani ni DHT11, ule ujumbe wa asilimia 78.4 na nyuzi 29.6 husomwa kuwa unyevu wa takriban asilimia 3 au 4 na joto la nyuzi 1 hivi, kutegemea jinsi programu inavyozichukua sehemu za kumi. Dar es Salaam inageuka jangwa la barafu kwa neno moja lililoandikwa vibaya katika mstari wa mwanzo wa programu.

Wasomaji wa miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu wanaufahamu mtego huu. Katika maandishi mengi ya kale, herufi *ba* ilitumika kwa sauti ya *b* na kwa sauti ya *p* pia. Neno moja lililoandikwa kwa herufi zilezile linaweza kusomwa *pata* au *bata*. Yote mawili yana silabi mbili. Mizani haipungui wala haizidi, na kina hakiharibiki. Mnakili hakukosea, karatasi haikukosea, na mizani imeridhika. Kilichokosewa ni kanuni ya kusoma. Mhakiki anayetegemea mizani peke yake hana njia ya kulijua kosa hilo. Anayeuliza *je, bata anahusikaje na vita hivi?* ndiye anayelijua.

Hapa ndipo inapobainika mipaka ya jumla ya uhakiki. Inathibitisha kwamba kilichotumwa ndicho kilichopokelewa. Haithibitishi kwamba kimesomwa kwa kanuni yake, na wala haithibitishi kwamba msemaji alijua alichokuwa akikisema. Bahati njema, upuuzi hujitangaza wenyewe, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuamini nyuzi 742. Dawa yake ni kutazama maandishi yaliyo mgongoni mwa kihisi na kuyalinganisha na yaliyo katika programu. Kwa kawaida rangi nayo husaidia, kwani DHT11 mara nyingi ni ya buluu na DHT22 ni nyeupe.

6.0 Hitilafu ya Tatu: Uongo Unaoaminika

Namna ya tatu ndiyo iliyosababisha mhadhara huu uandaliwe. Ichukuliwe mfano wa mtunzaji wa miswada katika mji wa pwani. Amekiunga kihisi vizuri, rezista ipo, programu ni sahihi. Kwa ajili ya unadhifu, amekiweka pamoja na maikrokontrola ndani ya kisanduku kimoja cha plastiki, na kisanduku amekiweka juu ya kabati. Kioo kinasema asilimia 63. Namba hiyo iko chini ya 65. Mtunzaji anaiandika daftarini, anafunga mlango, na kwenda nyumbani kwa amani. Hufanya hivyo siku baada ya siku. Miezi mitatu baadaye anafungua kabati na kupokewa na harufu.

Nini kilichotokea? Unyevu unaosomwa na kihisi ni unyevu linganishi. Ni uwiano kati ya mvuke uliomo hewani na mvuke ambao hewa hiyo ingeweza kuubeba katika joto lile. Hewa yenye joto zaidi ina uwezo zaidi wa kubeba mvuke. Kwa hiyo mvuke ukibaki uleule na joto likipanda, asilimia hushuka. Ubao wa maikrokontrola hutoa joto unapofanya kazi, hasa kwenye sehemu inayopunguza volti. Ndani ya kisanduku kisicho na matundu, joto hilo linaweza kukipandisha kihisi nyuzi 3 juu ya joto la chumba. Chumba chenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75 kitasomwa, ndani ya kisanduku hicho, kuwa na nyuzi 31 na unyevu wa takriban asilimia 63.

Kihisi hakikusema uongo kuhusu hewa iliyokizunguka. Kilisema kweli kuhusu hewa ya kisanduku, na mtunzaji akaisikia kuwa ni habari ya kabati. Miswada imekaa katika asilimia 75 muda wote huo, huku daftari likishuhudia vinginevyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa mwongo wa namna hii njia inaweza kuwa ndefu sana, maana hakuna anayemfuatilia. Jibu lake ni la kawaida, ni la adabu, na ni lile ambalo mwulizaji alitamani kulisikia.

Visababishi vingine vya uongo huu ni vingi. Kihisi kilichowekwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri husoma ukuta. Kilichowekwa karibu na dirisha husoma uwanja. Gundi, rangi na dawa za kusafishia zinazotumika katika ukarabati wa vitabu hutoa mvuke ambao huweza kuliathiri tabaka la kihisi na kulipotosha kwa muda mrefu. Kihisi kilichopatwa na umande, au kilichokaa muda mrefu katika unyevu mwingi, kinaweza kukwama kwenye asilimia 99.9 hata hali ya hewa inapobadilika. Na kihisi chochote huzeeka, kikisogea kidogo kidogo kutoka kwenye ukweli bila ya kutoa ishara.

Tiba ya kwanza ni ya mahali. Kihisi kitolewe nje ya kisanduku na kuungwa kwa waya wa nusu mita hivi, kiingizwe ndani ya kabati lenyewe, kisiguse mbao wala karatasi, na kisikae karibu na taa au feni. Ubao wa maikrokontrola ubaki nje. Tiba ya pili ni kutafuta shahidi mwingine.

7.0 Chumvi Kama Shahidi

Shahidi huyo anapatikana jikoni. Kila mama wa pwani anajua kwamba wakati wa masika chumvi hulowa ndani ya chombo chake na kushikamana, na hewa ikikauka hurudi kuwa chembe. Kinachotokea ni kanuni thabiti ya maumbile: chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa pale unyevu huo unapopita takriban asilimia 75. Kwa sababu hiyohiyo, chumvi iliyoloweshwa, ikifungiwa ndani ya chombo pamoja na hewa, huituliza hewa hiyo kwenye takriban asilimia 75, iwe joto ni nyuzi 20 au 30.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Chumvi huwekwa katika kifuniko kidogo na kuongezwa matone ya maji hadi iwe kama mchanga uliolowa. Chembe zibaki zikionekana, isiwe maji matupu. Kifuniko huingizwa ndani ya chupa pana ya kioo, kihisi huning'inizwa juu yake bila ya kuigusa chumvi, na tundu la waya huzibwa kwa nta au kwa gundi ya karatasi ya plastiki. Chupa huachwa usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki sana. Asubuhi namba husomwa. Kihisi kikisema asilimia 69, kinajulikana kuwa kinapunguza 6, na daftari huandikwa hivyo. Kikisema 75 au karibu yake, mtunzaji ana haki ya kukiamini katika eneo hilo la kipimo. Kwa eneo la chini zaidi hutumika kloridi ya magnesi, ambayo hutuliza hewa kwenye takriban asilimia 33. Jaribio lirudiwe kila baada ya miezi kadhaa, na tarehe iandikwe.

Utaratibu huu ni uleule wa mhakiki wa matini. Mwenye nakala moja ya utenzi hana la kulinganisha. Hata akiisoma mara mia, nakala hiyo itamrudishia makosa yaleyale. Mwenye nakala mbili zilizopitia mikono tofauti anaweza kuuliza zinapoachana, na kwa nini. Kihisi cha pili kilichonunuliwa pamoja na cha kwanza na kuwekwa ndani ya kisanduku kilekile si shahidi wa pili, kwa sababu kitapotoshwa na joto lilelile. Chumvi haikutoka katika kiwanda hicho, haitumii umeme, wala haijui mtunzaji anatamani jibu gani.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeeleza namna tatu za kukosea kwa kifaa kimoja kidogo. Mazungumzo ya kila siku huzitumbukiza zote katika neno moja: *kimeharibika*. Neno hilo linamtosha anayetaka kununua kingine. Halimtoshi anayetaka kujua miswada yake imeishi katika hewa gani kwa miezi mitatu iliyopita. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenga namna hizo, ikiwa watumiaji wataafikiana. *Hitilafu* ingefaa kwa mkatiko wa kazi, pale kifaa kinaponyamaza. *Kosa la usomaji* lingefaa pale ujumbe mzima unaposomwa kwa kanuni isiyo yake. *Upotofu* ungefaa pale thamani inapoachana na ukweli huku kila kitu kikionekana sawa. Hakuna neno geni hata moja kati ya hayo. Kinachohitajika ni nidhamu ya kulitumia kila moja mahali pake.

Mara nyingi ukuzaji wa istilahi umechukuliwa kuwa kazi ya kutafuta majina ya vitu: kihisi, ukinzani, saketi. Kazi hiyo ni muhimu na imefanywa kwa bidii na vyombo kama BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Lakini fundi hakwamishwi na majina peke yake. Hukwama anapokosa maneno ya kueleza jinsi jambo linavyokwenda kombo, na kwa mpangilio gani lichunguzwe. Mwongozo wa matumizi uliotafsiriwa majina yake na kuachwa bila ya sura ya kutafuta hitilafu humfikisha mtu hadi siku ya kwanza ya nan, na kumwacha hapo.

Kwa hiyo, vyuo vya ufundi, maktaba na idara za Kiswahili zina kazi ya pamoja ya kufanya. Wanafunzi wa ufundi waandike, kwa Kiswahili, kumbukumbu za hitilafu walizozitafuta: waliona nini, walibadili nini, nini kilifuata. Wanafunzi wa fasihi wawasomee na kuwauliza, kama wanavyouliza matini, kila sentensi inathibitisha nini na inaacha nini. Wa kwanza watapata lugha. Wa pili watapata hewa iliyo salama kwa miswada wanayoitegemea.

Mshairi aliyehesabu mizani yake nane nane alijua kwamba hesabu ni ulinzi wa shairi tu, na kwamba ukweli wa maneno unatafutwa kwa njia nyingine. Mtunzaji wa leo, akiwa na namba yake kwenye kioo, anahitaji kulijua jambo hilohilo kabla ya kufunga mlango wa kabati.